Ndege, boti au meli ya usiku: usafiri gani wa Pemba unakufaa?

Ukimuuliza mtu wa Mjini Unguja usafiri gani mzuri wa kwenda Pemba, atakutajia bei. Ukimuuliza wa pili, atakutajia saa. Bei zimebandikwa dirishani kwenye bandari ya Malindi, hapa hapa Mjini, na saa zimeandikwa kwenye tiketi, kwa hiyo wote wawili hawajakusaidia kitu. Mimi nafanya kazi Unguja na bibi yangu yuko Wete, kaskazini mwa Pemba. Naenda kwa Idd, kwa harusi, kwa maziko, na mara nyingine kwa kuitwa tu, maana bibi haelezi sababu kwenye simu. Anasema “njoo” na kukata. Kwa nilivyoona, kinachoamua safari ya Pemba ni mzigo. Na sisemi mzigo wako. Wako ni begi moja lenye nguo nne na chaja ya simu. Nasema mzigo wa watu waliopata habari kwamba unasafiri.

Habari hiyo inatoka vipi, Mungu ndiye ajuaye. Utamwambia mama peke yake, jikoni, kwa sauti ndogo, tena maji ya bomba yanamwagika. Maghrib haijaadhiniwa, shangazi wa Fuoni keshapiga: “Mwanangu, nasikia unakwenda Pemba. Nna kijimzigo kidogo tu.” Kijimzigo kidogo tu ni polo, gunia ambalo huwezi kulikumbatia hata kwa mikono miwili. Hujakata simu, mlango unagongwa: jirani ana sufuria ya mjukuu wake. Kisha anakuja ami na bahasha, anakuhakikishia kwamba ndani hamna kitu, halafu anakunong'oneza usiitoe kwapani mpaka ufike. Mwisho linaletwa boksi ambalo hata mwenyewe humjui, limezungushwa solotepu mpaka limepoteza pembe zake, na juu limeandikwa kwa maka peni namba ya simu na jina la mtaa wa Wete: MTEMANI.

Basi kabla hujalinganisha nauli, wahesabu kwanza waliojua.

Hajajua mtu: panda ndege

Ndege za Pemba ni ndogo, nyingi ni zile za abiria kumi na mbili, kumi na tatu hivi, na zinaruka kutoka uwanja wa Abeid Amani Karume, kule kule inakoishia daladala ya 505. Safari ni kama nusu saa. Mzigo unaoruhusiwa kwa kawaida ni kilo 15, na wanapima kweli. Wapo wanaoilalamikia kanuni hiyo. Mimi naona ndiyo uzuri wote wa ndege. “Shangazi, nakwenda na ndege, wanapima kilo.” Hapo mazungumzo yamekwisha, au ndivyo utakavyodhani. Shangazi yangu alinyamaza kidogo, kisha akauliza, “Na nguo uliyovaa wanaipima?” Akanipa doti mbili za khanga nizifunge chini ya baibui. Nilipanda ngazi za ndege mnene kuliko picha ya kitambulisho changu.

Kwa macho, hakuna usafiri unaoishinda. Tumbatu inapita upande wa kushoto, minazi ya Nungwi inakatika ghafla, maji yanatoka kwenye kijani yanaingia kwenye buluu nzito, na hujamaliza kuyatazama vilima vya Pemba vimeshatokeza. Vilima, ndiyo. Sisi tuliozoea barabara za Unguja huwa tunasahau kwamba Pemba ina vilima mpaka tutakapoambiwa nyumba ya fulani iko “hapo juu tu”.

Nauli ya ndege ni mara kadhaa ya boti, hilo unalijua. Yasiyoandikwa kwenye tiketi ni mawili. La kwanza, uwanja wa Pemba uko Wawi, nje kidogo ya mji wa Chake Chake, au Chake kwa ufupi, na ukishuka unaanza kulipa upya: teksi mpaka mjini, au mpaka Wete au Konde ukiwa wa huko. La pili ni zito zaidi. Ukifika kwa ndege, watu wanajua. Mtoto wa kwanza kukuona anakimbia kutangaza, na kuanzia hapo wewe si mtoto wa nyumbani tena, ni mtu aliyekuja na ndege. Mkono wa Idd unapanda siku hiyo hiyo. Mtoto aliyekuwa akitegemea mia tano sasa anataka elfu mbili, na hana makosa, keshaipigia hesabu tiketi yako. Ami naye ataanza na “Alhamdulillahi, naona mambo yako si mabaya.” Ukisikia hivyo kaa tayari, bati za jiko zinakuja. Jumlisha yote hayo kwenye nauli, ndipo ulinganishe na boti.

Kwa hiyo ndege ni ya anayekwenda kikazi na kulipiwa, au mgonjwa asiyeweza kukaa bandarini, au mtu aliyepigiwa simu ya msiba na maziko ni baada ya alasiri. Huyo wa mwisho hahesabu chochote. Anapanda, basi.

Wamejua wachache: boti ya mchana

Boti ziendazo kasi hutoka Malindi, na nyingi hufunga gati Mkoani, kusini mwa Pemba. Siku na saa hubadilika, hasa sikukuu zikikaribia, kwa hiyo uliza dirishani, usimuulize mtu aliyesafiri Mfunguo Mosi iliyopita. Kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi uwe nacho mkononi wakati wa kukata tiketi. Mgeni ana nauli yake.

Kabla ya boti kuna hamali. Hamali wa Malindi hakutajii bei mzigo ukiwa chini. Anautia kichwani kwanza, anakwenda hatua kumi za haraka, kisha anageuka kukutajia. Wewe unalitazama polo la shangazi lilivyotulia juu ya kichwa cha mtu mwingine, na roho haikupi kumwambia alitue. Utalipa. Patana naye polo likiwa bado sakafuni, na mtazame machoni, si mzigoni.

Ndani ya boti kuna viti, kiyoyozi na televisheni ambayo hakuna anayeitazama. Mpaka Nungwi kila mtu ni baharia. Kisiwa kimekukinga, maji ni laini, watu wanakula karanga, wanapiga picha, na wanamcheka anayenusa ndimu. Boti ikishaimaliza ncha ya Nungwi, inaingia kwenye mkondo baina ya visiwa viwili, maji ya kina kirefu na upepo usiokuwa na wa kuuzuia, na hapo mabaharia wanaanza kupita na vifuko. Hawaulizi nani anataka. Wanakutazama usoni tu. Safari moja mbele yangu alikaa kijana mwenye viatu vyeupe na miwani ya jua, tangu Malindi anajirekodi kwa simu, anawaelezea watu wake kwamba yeye na bahari wamekua pamoja. Baada ya Nungwi simu ilikuwa bado inarekodi, ila ilikuwa sakafuni na inarekodi dari. Sauti zilizoingia humo nadhani alizifuta.

Kwenye boti, msimu una maana kuliko jina la chombo. Upepo wa kusi, ule unaoshika kama Juni mpaka Septemba, unasukuma kutoka kusini: kwenda Pemba unao mgongoni, kurudi unakupiga usoni. Kaskazi, kuanzia Disemba mpaka Februari au Machi, mambo yanageuka. Baina ya pepo hizo, hasa Oktoba na Novemba, bahari hutulia, na ndio wakati wa kumsafirisha mtu anayeogopa. Taabu ni kwamba Idd haisubiri shwari. Inarudi nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo miaka kadhaa inakuangukia kwenye maji ya kioo, na baadaye inakuangukia katikati ya kusi, na bibi anakusubiri vile vile.

Kuhusu kulewa bahari kila mtu ana dawa yake, na wa kando yako atakupa yake utake usitake. Zangu ni ndimu puani na karafuu mdomoni. Tumbo tupu ni baya, na tumbo lenye urojo wa Forodhani wa jana usiku ni baya zaidi. Kipande cha mkate na chai ya tangawizi vinatosha. Kaa chini, nyuma, karibu na katikati, ndipo panapocheza kidogo. Vile viti vya mbele vyenye dirisha kubwa ni vizuri mpaka Nungwi tu. Macho yaelekeze nje, kule mbingu inapokutana na bahari, na simu itie mfukoni. Wanaoapa kwamba wao hawatapiki ndio wa kukaa nao mbali.

Boti ina mpaka wa mizigo, na mpaka huo unakufaa. Polo moja linapita kwa malipo. Mawili utaulizwa. Matatu, utampigia shangazi kumwambia kwamba wamekataa, na utakuwa husemi uongo. Unatua jua lingali juu na gari za kwenda mbele zipo. Kasoro yake ni kwamba siku nzima ya kazi imekwenda, na ukifika nyumbani umechoka na rangi ya uso imekutoka, kisha unawekewa sahani ya pilau ambayo hairuhusiwi kurudi na kitu.

Wamejua wote: meli ya usiku

Meli hung'oa nanga usiku na kukufikisha alfajiri au asubuhi. Umelala njiani, hukuomba ruhusa kazini, hukulipia pa kulala, na nauli ya chini kabisa ya meli ni nafuu ya ndege na boti. Kwa hesabu tupu imeshashinda. Lakini meli haikupi kisingizio. MV Mapinduzi II, ambayo Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar iliipokea mwishoni mwa 2015, ilitengenezwa kuchukua abiria 1,200 na tani 200 za mizigo. Utamwambia nani kwamba polo lake halitaenea? Shangazi yangu anazijua hizo tani 200 kuliko nahodha, na ananikumbusha kila mara.

Usiku wa karibu na sikukuu, gatini utaona nyumba nzima zinahama. Friji imevishwa khanga na kufungwa kamba ya nazi. Godoro linatembea lenyewe, mpaka lipite ndipo uone miguu miwili chini yake. Kuna matenga ya nyanya, baiskeli ya mtoto bado ina karatasi zake za dukani, na mwanamume mmoja mwenye trei za mayai mikononi ambaye uso wake unakwambia usipite karibu. Watu wote wanasema “samahani” na hakuna anayesogea.

Ukishaingia, kazi ni mahali. Aliyetandika mkeka kwanza ndiye mwenye nyumba, na hukumu hiyo haina rufaa. Ila tazama jirani kabla hujatandika. Familia yenye watoto wadogo ina kelele mpaka saa tano, kisha kimya kinashuka mara moja. Vijana wa karata hawalali. Anayekohoa kidogo saa tatu atakohoa sana saa nane. Karibu na choo pana nafasi kila mara, na kuna sababu. Mimi hutafuta bi mkubwa aliyekuja na birika lake, mto wake na kikapu kilichofunikwa kawa, maana huyo anajua anachofanya. Huyo pia ana bei yake, na malipo yanaanza kabla taa za Malindi hazijapotea.

“Mtoto wa nani wewe?”

“Wa Wete, bibi. Limbani.”

“Limbani kwa nani?”

Namtajia babu.

“Yule mwenye mguu?”

Watu wote wana miguu, lakini namjua anayemkusudia. “Ndiye huyo.”

“Aa! Basi wewe si mtu mbali. Mama yako mkubwa tumesoma naye chuo kimoja. Kaa hapa.”

Baada ya hapo nalishwa. Mkate wa kumimina, pweza wa kukaanga kwenye kopo la aiskrimu, chai ya mdalasini, halafu tena mkate wa kumimina. Nafunikwa khanga. Naulizwa kama nimeposwa, na nikisema bado, anaguna na kuangalia bahari kwa muda mrefu, anawapanga vijana wa Chake mmoja mmoja kichwani mwake. Nikilala, analinda vitu vyangu kuliko askari. Kwenye boti ya mchana hupati hayo. Kule kila mtu ana kifuko chake na shida yake. Kwenye ndege hata salamu haikamiliki, injini inaimeza.

Asubuhi meli inafunga gati, watu wanakunja mikeka, na mwenyeji wangu ananishika mkono. “Mwanangu, mie naishia Mtambile. Wewe si unapita mpaka Wete? Basi chukua na hiki, ni kijimzigo tu, watakuja kukifuata.” Nimepanda na mapolo mawili, nashuka na matatu.

Lipo jambo moja kuhusu safari ya usiku ambalo halina mzaha. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba, imejaa watu na mizigo kupita uwezo wake. Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Pemba ukikaa barazani na watu wazima, hutakaa sana kabla hujasikia jina la mtu aliyekuwemo. Kwa hiyo tiketi yenye jina la mtu mwingine usiipande nayo, hata akiwa ndugu yako, maana jina lililoandikwa ndilo litakalotafutwa. Ukiingia, tazama maboya yako wapi kabla hujatazama pa kutandika. Na meli ukiiona imezidi, rudi. Shangazi atakasirika siku tatu kuhusu polo lake, kisha atakutilia wali. Bibi yangu akisema kwa simu “upepo mbaya, usije”, sibishani naye. Yeye anaisikia bahari ya Wete tangu hakujakuwa na simu.

Ukishashuka Mkoani

Wanaolinganisha huishia gatini, lakini ukishuka Mkoani na kwenu ni Wete, hujafika. Una kisiwa kizima cha kukipanda kutoka kusini kwenda kaskazini, na mapolo ni yale yale.

Daladala ya 603 inakupeleka Chake. Hapo unabadilisha: 606 ya Wete, 602 ukiwa wa Konde. Ndiyo nafuu kuliko zote, mzigo unapanda juu, na utingo atakuwa mkali mpaka akusikie unatokea Limbani. Ila haiondoki mpaka ijae, na kujaa ni suala la maoni. Utingo anaona bado watu wanne, abiria wanaona imeshazidi watatu. Mzee wa mbele atateremka kwa hasira, atazunguka gari, na atarudi kukaa pale pale. Ukiwa na haraka, usiitazame saa.

Bodaboda ni ya mwenye begi la mgongoni. Mwenye mzigo asijaribu, ingawa nimeshaona mtu kapakia polo mbele ya dereva, yeye nyuma, na sufuria kaivaa kichwani badala ya kofia ngumu. Nilimsifu kwa kufikiria usalama. Kwa msichana kuna jambo la ziada. Ukiingia kijijini juu ya bodaboda, habari itakutangulia kwa bibi, na kabla hajakuuliza hali yako atataka kujua yule dereva ni mtoto wa nani.

Kilicho bora, na watu hawakifanyi kwa uvivu tu, ni kuchanga gari. Tafuta watu watatu wa njia yako mkiwa bado melini, mpatane kabla ya kamba kufungwa, kisha mkodi gari moja mpaka mlangoni. Kila mmoja anatoa zaidi kidogo ya daladala, hakuna kubadilisha Chake, na polo linakaa kwenye buti. Wa nne akiwa bi mkubwa wa birika, ondoa matumaini ya kufika moja kwa moja: atasimamisha gari Mtambile, atawasalimia watu wa baraza tatu, na ninyi mtashuka kunywa madafu.

Kurudi ni hesabu nyingine

Bibi haijui kanuni ya kilo 15 na hataki kuijua. “Mwambie rubani ni vya bibi yako.” Atakufungia pakacha la shokishoki msimu wake ukiwapo, mihogo, mkungu wa ndizi, chupa ya mafuta ya nazi iliyozibwa kwa kipande cha nailoni, na jogoo aliyefungwa miguu ambaye hajakubali safari. Kwa hiyo aliyekwenda kwa ndege na akataka kurudi kwa ndege, amuage bibi usiku wa manane au aache nusu ya hivyo kwa jirani.

Kipo kimoja cha kukikataa hata akikupa nani: karafuu za magunia. Karafuu za biashara zinauzwa ZSTC, shirika la biashara la serikali, na kuzivusha kimya kimya ni magendo. Kusema hukujua ndani mna nini hakutakusaidia bandarini, wamelisikia jibu hilo kabla hujazaliwa. Ndiyo maana boksi la solotepu likiwa linatoka Unguja silifungui, ila likitoka Pemba naomba lifunguliwe mbele yangu, na anayekasirika namwachia boksi lake.

Kwa Idd, mimi huenda na meli na kurudi na boti. Kwenda nina mizigo ya watu na muda wa kulishwa. Kurudi nataka kufika tu, na jogoo anapitishwa kama mzigo wa mkononi, mkimya kuliko abiria wengi. Wakati wa kusi hugeuza mpango, narudi na meli, kwa sababu ile safari ya kupigwa usoni na mawimbi, chombo kikubwa kinaistahamilia zaidi na mimi nakuwa nimelala. Harusi ya siku moja naenda na kurudi kwa boti, na nawaambia watu nikiwa nimeshafika.

Tiketi ya kurudi ikate siku ile ile unayofika, kabla hujavua viatu, maana sikukuu zikimalizika Unguja nzima hukumbuka kwa pamoja kwamba ina kazi Jumatatu. Ukiikosa na ikabidi umpigie bosi wako, usimwambie bahari imechafuka kabla hujageuka nyuma kutazama. Huenda naye yuko pale pale Mkoani, watu wawili baada yako kwenye foleni, ana jogoo wake.